Ukaguzi wa kila mwaka wa wakala wa bima: jikague kabla hujakaguliwa

Wakala wa bima anayejitegemea, awe na ofisi ya chumba kimoja mjini Nakuru au awe anawauzia bima wenye bodaboda pale Kondele, Kisumu, hachunguzwi mara moja tu anapoanza kazi. Leseni inayotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA) hufika mwisho tarehe 31 Desemba kila mwaka, na kampuni zinazompa kazi hutumia msimu huo kurudia uchunguzi: rekodi ya polisi, CRB (mashirika yanayotunza kumbukumbu za wakopaji), kodi, na hesabu kati yake na kampuni yenyewe. Ana mikataba na kampuni tatu? Huenda akachunguzwa mara tatu, kila moja na fomu zake.

Wengi huanza na cheti cha tabia njema kwa sababu ndicho kinachojulikana, kisha wanakuja kugundua tatizo la CRB zikiwa zimebaki siku kumi. Huko ni kuanza mwisho. Usizipange karatasi kwa muda wa kuzipata, zipange kwa muda wa kurekebisha kasoro zake. Cheti cha CRB hupatikana upesi, lakini deni lililoandikwa kimakosa linaweza kula mwezi na zaidi. Alama za vidole zikikataliwa, unarudia safari ya Huduma Centre, basi.

Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ambayo kampuni imekuandikia kwamba inataka faili yako, wala si kutoka 31 Desemba. Tarehe hiyo huwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Wiki kumi na mbili kabla yake ndipo kazi ianze.

Hatua ya 1: Soma fomu ya idhini kabla ya kutia sahihi

Fomu hii huja katikati ya rundo la karatasi za mkataba na watu huitia sahihi wakiwa wamesimama. Ndiyo inayoipa kampuni ruhusa ya kuchungulia rekodi zako, na siku hizi nyingi huomba idhini ya kudumu, yaani kampuni iweze kurudia ukaguzi wakati wowote mkataba ukiwa hai bila kukuuliza upya. Si jambo baya lenyewe. Ila tafuta mambo manne ndani yake: ni rekodi gani zitaangaliwa, nani ataziangalia (kampuni yenyewe au mchunguzi aliyekodiwa), mara ngapi, na zitahifadhiwa kwa muda gani baada ya mkataba kuisha. Lolote lisiloandikwa, uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kuondoa idhini uliyotoa. Lakini tuseme ukweli, ukiiondoa katikati ya mwaka kampuni nayo ina haki ya kufikiria upya kama itaendelea na wewe. Haki hiyo ina manufaa zaidi unapoihama kampuni: waandikie kwamba mkataba umeisha na idhini imeisha nayo.

Ukiwa umesajili wakala wako kama kampuni, wakurugenzi wote walio kwenye CR12, yaani hati ya usajili inayoorodhesha wakurugenzi, huchunguzwa, si wewe unayeonekana ofisini tu. Ndugu uliyemwandika mkurugenzi ili kujaza nafasi anaweza kukwamisha faili nzima, kwa hiyo hatua zinazofuata mzifanye pamoja.

Hatua ya 2: Chukua ripoti zako za CRB, zote tatu

Kenya ina CRB tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kwa kanuni zilizopo, una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila moja. Metropol inafikiwa kwa *433#, TransUnion kwa programu ya Nipashe, na Creditinfo kwa tovuti yake. Chukua zote. Mkopeshaji anapaswa kupeleka taarifa kwa CRB zote, lakini marekebisho hayafiki kote siku moja. Mkopo unaosomeka umelipwa kwa moja unaweza kuwa bado una salio kwa nyingine, na hujui kampuni itatumia ipi. Kujiangalia mwenyewe hakupunguzi alama zako za mkopo.

Usikimbilie kulipia cheti cha kutodaiwa katika hatua hii. Cheti hugharimu kama shilingi 2,200 (cha kwanza kabisa maishani ni bure tangu kanuni za 2020), na hakitolewi ukiwa na deni bovu. Soma ripoti kwanza.

Unapoisoma, anza na sehemu ambayo wengi huiruka: majina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, nambari za simu. Magharibi mwa Kenya na Nyanza, ambako mtu anaweza kuwa na jina la ubatizo, la kuzaliwa na la ukoo, kisha benki moja ikayapanga hivi na nyingine vile, mkanganyiko huanzia hapa. Majina yakipinda kidogo si hoja, maana rekodi hufungwa kwenye nambari ya kitambulisho. Tarakimu moja ikikosewa ndiyo balaa: unabebeshwa deni la mtu usiyemjua, au mikopo uliyolipa vizuri haikuhesabiwi.

Kisha pitia akaunti moja moja. Tazama salio, siku za kuchelewa na hali ya mkopo. Mkopo huhesabiwa kuwa umekwama unapopitisha siku 90 bila kulipwa. Kuwa na jina CRB si kosa; kila aliyekopa yumo, mwema na mbaya. Anayesoma faili yako anatafuta akaunti zilizokwama, na hasa kama zilikwama ukiwa tayari unashika pesa za wateja.

Haya ndiyo yanayoharibu faili za mawakala mara nyingi:

Mkopo wa simu uliosahauliwa pamoja na laini iliyopotea. Tangu 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB kama deni bovu, lakini riba na faini hulivusha mpaka huo kimyakimya. Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuripoti, ila notisi ikitumwa kwa laini uliyoiacha, hutaiona.

Udhamini kwenye Sacco. Ulimtilia mwenzako sahihi, akaacha kulipa, na sasa jina lako limeunganishwa na deni lake. Wakala anayefahamika na watu wengi huombwa udhamini kila wiki. Kabla ya msimu wa leseni, iombe Sacco yako orodha ya wote unaowadhamini pamoja na salio la kila mmoja.

Deni lililolipwa kwa mapatano. Mkopeshaji amekubali kupokea 14,000 badala ya 20,000, umelipa, mmeshikana mikono. Bila barua inayosema zile 6,000 zimesamehewa, mfumo unaendelea kuzihesabu kama salio linalochelewa.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Waliomaliza chuo wakaingia kwenye bima husubiri kamisheni ikue ndipo waanze kulipa. HELB nayo hupeleka majina CRB, na faini huongezeka kila mwezi. Kupanga malipo kidogo kidogo na kuyashika ni bora kuliko kunyamaza.

Kusahihisha kosa

Barua ya pingamizi iende CRB husika, nakala kwa mkopeshaji. Iwe fupi: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, jina la mkopeshaji, nambari ya akaunti kama ilivyo kwenye ripoti, kosa ni lipi, na unataka kifanyike nini. Kwa mfano: «Akaunti hiyo inaonyesha salio la shilingi 4,150. Deni lililipwa lote tarehe 12 Machi. Ujumbe wa M-Pesa na barua ya mkopeshaji vimeambatishwa. Naomba salio lisomeke sufuri na hali ya akaunti ibadilishwe.» Hasira na historia ndefu hazisaidii, aliyepokea barua ana nyingine nyingi mezani.

CRB ina siku 21 kumaliza uchunguzi. Ikishindwa, taarifa unayoipinga inapaswa kuondolewa. Weka ushahidi wa tarehe uliyotuma. Ukitumia barua pepe, tarehe imejiandika yenyewe. Ukipeleka mkononi, wakugongee muhuri kwenye nakala yako.

Kama deni ni la kweli, lilipe kwa paybill ya mkopeshaji na nambari ya akaunti yako, kamwe si kwa simu binafsi ya mkusanyaji madeni, hata akiwa na sauti ya kisheria. Ukimaliza, omba barua ya kumaliza deni siku hiyohiyo. Madeni yakiwa mengi kuliko pesa, anza na yale madogo yaliyokwama, maana kila akaunti iliyokwama huhesabiwa, na kufunga tatu za elfu mbilimbili kunabadilisha sura ya ripoti kuliko kupunguza moja ya elfu themanini.

Jambo linalowakera wengi: kulipa hakufuti historia. Deni lililokwama likilipwa, akaunti husomeka imefungwa, lakini kumbukumbu ya kwamba liliwahi kukwama hubaki miaka mitano tangu ulipomaliza kulipa. Anayekuambia kwa WhatsApp kwamba atakufuta CRB kwa shilingi 5,000 anakula pesa yako. Njia iliyo wazi ni kuambatisha ukurasa mmoja wa maelezo kwenye faili: deni lilikuwa la nini, lilikwama lini, lililipwa lini, ushahidi huu hapa. Mkaguzi akikuta doa lenye maelezo hupita. Akikuta doa peke yake huuliza, na maswali hayo ndiyo yanayokula siku.

Hatua ya 3: Linganisha hesabu na kila kampuni ya bima

Hii haimo kwenye orodha nyingi za karatasi, ilhali ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kampuni inaweza kuvumilia mkopo wa simu uliochelewa. Haivumilii ada ya bima iliyopokelewa na haikufika.

Omba taarifa ya hesabu yako kutoka kila kampuni wiki kumi kabla ya tarehe. Weka kando yake daftari lako na ulinganishe mstari kwa mstari: nambari ya bima, jina la mteja, kiasi kilicholipwa, tarehe, kamisheni. Kwa bima ya magari cheti siku hizi hutolewa kidijitali kupitia mfumo wa DMVIC, kwa hiyo kila cheti ulichotoa kina alama yake. Hakuna cha kupotelea mfukoni. Tofauti zinazojitokeza mara nyingi ni mteja aliyelipa kwa paybill ya kampuni akakosea nambari ya akaunti, bima iliyofutwa bila kamisheni kurekebishwa, na malipo ya awamu ambayo awamu ya mwisho haikuingia.

Kuna deni lingine ambalo wakala huwa hajui analo. Kwenye bima ya maisha, kamisheni ya mwaka wa kwanza hulipwa mapema. Mteja akiacha kulipa baada ya miezi michache, kampuni huirudisha kwa kukukata. Wateja wa mashambani wana msimu wao: mkulima wa mahindi Trans Nzoia au wa miwa Kakamega hulipa vizuri baada ya mavuno na kukwama kabla yake. Bima kumi zikilala kwa mpigo, hesabu yako inageuka kuwa ya kudaiwa, nawe hujagusa shilingi ya mtu. Deni hilo likiachwa, linajitokeza kwenye barua ya maelezo juu yako ambayo kampuni mpya huomba kutoka kwa ya zamani. Dawa yake ni kuwapangia wateja hao malipo yanayofuata mavuno tangu siku ya kwanza, na kwa deni lililopo, kuandikiana na kampuni likatwe kidogo kidogo kwenye kamisheni.

Kuhusu simu: ada ya mteja isipite kwenye M-Pesa yako binafsi hata kwa saa moja. Mpe paybill ya kampuni. Pesa ikiingia kwako kwanza, Fuliza (mkopo wa M-Pesa) unayodaiwa inaikata papo hapo, na mteja aliyelipa anabaki bila bima.

Hatua ya 4: Kodi

Kamisheni yako hukatwa kodi ya zuio, yaani kampuni huikata kabla ya kukulipa, asilimia 10 kwa wakala. Hapo ndipo dhana potofu huanzia. Kukatwa si kumaliza. Bado unatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka kufikia 30 Juni, ukionyesha kamisheni yote na kodi iliyokwisha kukatwa. Wengi humwachia kijana wa saiba, naye huweka ritani ya sufuri kwa sababu ndiyo rahisi. KRA, mamlaka ya ushuru, inaona vyeti vya zuio chini ya PIN yako. Mtu aliyekatiwa kodi akasema hakupata kitu amejipinga mwenyewe.

Ingia iTax, tovuti ya KRA, toa vyeti vya zuio vya mwaka mzima, uvilinganishe na ritani. Ikihitilafiana, irekebishe. Ritani iliyochelewa ina faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kile kilicho kikubwa. Yakinyooka, omba cheti cha utiifu wa kodi humohumo iTax. Kinadumu miezi 12, kwa hiyo ukikipata mapema mno kinaweza kuisha katikati ya ukaguzi wa mwaka ujao. Wiki nane kabla inatosha.

Hatua ya 5: Cheti cha tabia njema

Kinatolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kuombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kwa shilingi 1,050. Chapisha fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja ya A4. Ikija kurasa mbili tofauti, utarudishwa saiba. Chapisha pia nakala mbili za ankara. Kisha nenda na kitambulisho halisi na nakala yake kwenye Huduma Centre. Vituo hivyo vipo Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Eldoret. Nenda asubuhi, katikati ya wiki.

Alama hukataliwa kwa sababu moja kubwa: ngozi ya vidole imelika. Wakala anayeshika jembe jioni, anayefua kwa mkono au anayechanganya saruji kwenye nyumba yake hupoteza mistari ile midogo. Siku tatu kabla, acha kazi ngumu za mikono au vaa glavu, na upake mafuta usiku. Siku yenyewe osha mikono kwa sabuni na uikaushe. Mafuta hayatakiwi tena, maana yanatelezesha wino na kufanya alama ionekane kama doa. Kidole chenye jeraha, mwambie afisa aliandike.

Baada ya hapo, cheti hupakuliwa kwenye akaunti yako ya eCitizen. Weka nafasi ya wiki tano. Kwa kawaida hakichukui muda huo, lakini unajiachia wakati wa kurudia alama. Kama uliwahi kushtakiwa ukaachiliwa, au kesi ikaondolewa, chukua mapema nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama uiweke kwenye faili. Masjala ya mahakama haina haraka na msimu wako.

Usikubali cheti cha mkato. Kampuni hukihakiki, na cheti bandia ni kesi ya jinai ilhali deni la CRB halikuwa.

Hatua ya 6: Funga faili

Wiki mbili kabla, sasa lipia cheti cha CRB cha kutodaiwa, kiwe kipya. Panga kila kitu kwenye faili moja ya PDF kwa mfuatano ambao kampuni imeuandika, majina yakifanana kotekote, na ukurasa wa maelezo ukiwa mbele ya doa unalolieleza. Tuma kwa barua pepe hata kama utapeleka nakala mkononi. Kampuni ya pili na ya tatu zipe faili hiyohiyo, ukibadilisha fomu zao tu.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, na uulize ni rekodi gani iliyotumika. Kama ni ripoti ya CRB, una haki ya nakala yake bure ndani ya siku 30 tangu uarifiwe. Kwa taarifa nyingine ambazo kampuni inashikilia juu yako, kanuni za ulinzi wa data za 2021 zinaipa siku 7 kukuonyesha ukiomba, na siku 14 kusahihisha kilichokosewa. Wakikaa kimya, malalamiko huenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na yanapaswa kukamilishwa ndani ya siku 90. Siku hizo zinaweza kupita mwisho wa leseni, kwa hiyo malalamiko yasiwe mpango wako pekee: kampuni nyingine uliyonayo mkataba ipelekewe faili huku hilo likiendelea, pamoja na maelezo ya kilichotokea, kabla hawajayasikia kwingine. Leseni ikiisha kabla hujajibiwa, usiuze bima wala kupokea ada yoyote mpaka mpya itoke. Mteja anayetaka kuanza au kuhuisha bima mwelekeze tawi la kampuni moja kwa moja.